Kwangu Hafungi Mtu Mkanda

Agosti ile Radosav aliona wivu mpaka akakonda. Nasema wivu, sitafuni maneno, kwa sababu yeye mwenyewe aliupa majina mengine yote: mara uchovu, mara joto, mara tumbo. Tumbo gani! Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, dereva wa gari la mikate ambaye bonde zima la Piva linamjua kwa honi yake, kila asubuhi alikuwa akijibanza nyuma ya pazia la jikoni ili amchungulie mama yake akipanda gari la mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, Vuksan.

Vuksan aliondoka nyumbani akiwa na miaka ishirini na miwili, akaenda Linz, kule Austria, na huko akawa dereva wa basi. Kila Agosti hurudi kwa wiki tatu. Miaka yote alikuja na mke na watoto, gari limejaa hadi dirishani, mama hana pa kukaa, na Radosav alibaki na raha zake. Mwaka huu mke alibanwa na kazi, watoto wamekua wana mambo yao, kwa hiyo alikuja peke yake na gari jipya la kijivu. Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Mama Stanija, mwenye umri wa miaka sabini na tisa, akakikalia.

Maneno yenyewe yalianza jioni ya kwanza mezani. Mama alikuwa amepika kačamak, ule ugali wa viazi na unga wa mahindi, akaumwagia malai ya maziwa mpaka ukaogelea. Vuksan akala, akafuta mdomo, akasema kama mtu anayeomba chumvi:

"Mama, baridi ya mwaka huu usikae huku. Njoo kwangu mpaka Pasaka. Nyumba ina joto, na daktari yuko ghorofa ya chini."

Radosav aliweka kijiko mezani. Akamtazama mama, akisubiri amwambie huyu Mwaustria aache utani. Mama akakusanya makombo ya mkate kwa kiganja, taratibu, kisha akasema, "Nitakujibu baada ya Gospojina."

Gospojina ni sikukuu ya Mama wa Mungu, mwisho wa Agosti, siku ambayo Piva nzima huenda monasterini. Zilibaki wiki tatu kasoro siku moja.

Sasa mwelewe huyu Radosav. Hakuoa. Si kwamba hakutaka. Wasichana wa Piva walishuka mjini mmoja baada ya mwingine wala hakuna aliyepanda tena mlimani. Nyumba ile ilikuwa yeye na mama, basi. Theluji ikianguka ikafika madirishani, walikuwa wakikaa wawili kando ya jiko la kuni, mama akifuma soksi na yeye akimsimulia nani kanunua mikate mingapi na nani kagombana na nani. Mama akienda Linz, atazungumza na nani? Na jiko? Tena mwanamke wa miaka sabini na tisa akiondoka mpaka Pasaka, ni nani atakayeapa kwamba Pasaka atarudi? Mawazo hayo Radosav alilala nayo, akaamka nayo. Na badala ya kuyasema, maana watu wa milimani kusema "mama, usiende" ni kama kuvua suruali sokoni, akaanza kuhesabu safari.

Mama kaenda kupima macho: na Vuksan. Mama kaenda makaburini kuwasha mishumaa: na Vuksan. Mama kaenda kumwona dada yake upande wa pili wa ziwa: na Vuksan, na wakarudi wanacheka. Kwa Radosav kila safari ilikuwa kura, na kura zote zilikuwa zikiangukia upande mmoja.

Kilichomtia uchungu zaidi ni jinsi Vuksan alivyoendesha. Lo! Kama bibi harusi aliyebeba mayai. Palipoandikwa hamsini alikwenda hamsini. Kila handaki aliliingia polepole, taa zinawaka mchana kweupe. Mjini Plužine alisimama kwenye milia myeupe kumpisha bibi mmoja avuke, na yule bibi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kupishwa na gari, badala ya kuvuka akaja dirishani kumuuliza amepotea njia gani. Watu walicheka wiki nzima.

Kwa sababu Piva kuna adabu ya barabara, na kila mtu anaijua. Ukimpita mwenzako kwenye kona, unapiga honi ili asione umemdharau. Ukiona trafiki wamejificha mahali, unawawashia taa mara mbili wote unaopishana nao, hata kama ni adui yako, hata kama mna kesi mahakamani. Na ukipanda gari la mtu, hufungi mkanda. Ukifunga umemtukana mwenye gari. Ni sawa na kualikwa chakula ukaanza kukinusa. "Vipi, huniamini?" atakuuliza, na hapo urafiki umeshaingia mchanga.

Radosav alikuwa bingwa wa adabu hiyo. Kwenye gari lake la mikate mkanda wa abiria haukuwapo kabisa. Aliukata miaka mingi iliyopita ili afungie makreti ya mikate yasicheze nyuma. Mkanda wake mwenyewe ulining'inia tu kando ya mlango. "Kwangu hafungi mtu mkanda," alikuwa akijisifu. "Mkanda ni mimi." Na kweli, kwa miaka ishirini na sita hakuwahi hata kukwaruza kioo cha pembeni.

Wiki ya pili aliingia kwenye baa ya Obrad, rafiki yake wa tangu shule. Obrad alikuwa akifuta glasi, na ulimi wake siku zote unatangulia mkono.

"Karibu, yatima!" akasema Obrad. "Nasikia mama yako kahamia Austria na mpaka hajavuka."

"Nyamaza, nipe kahawa."

"Nimewaona jana wanapita hapa. Kakaa mbele kama malkia. Hata mimi kanipungia mkono. Na mkanda kifuani!"

Radosav akaruka kama aliyerushiwa kamba majini. "Umeona mwenyewe? Amefunga mkanda?"

"Nimeona kwa macho yangu mawili."

"Basi sikiliza, Obrad. Mtu akimwamini dereva anafunga mkanda?"

"Hafungi."

"Kwangu mama amewahi kufunga?"

"Kwako angefunga nini, na kamba yenyewe umefungia mikate?"

"Jibu swali!"

"Hajafunga."

"Basi!" Radosav akapiga meza, kikombe kikaruka. "Anamwogopa. Anapanda kwa heshima tu, kwa sababu mtoto katoka mbali. Lakini roho yake iko kwangu. Fimbo ya mbali haiui nyoka, bwana."

Alijisikia vizuri kwa muda wa kahawa nusu kikombe. Obrad alimwacha anywe, kisha akajikuna sikio na kusema, "Eti, ukifika nyumbani mwambie Vuksan Alhamisi anichukulie mke wangu. Ana miadi ya daktari mjini Nikšić."

"Nikšić naenda mimi kila siku ya Mungu!"

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa wewe una haraka, ndugu yangu," akasema Obrad, macho kwenye glasi. "Mikate hiyo, inapoa."

Radosav aliondoka bila kuaga. Alipiga honi njia nzima, kona kwa kona. Hata mke wa Obrad! Mwanamke aliyempeleka mwenyewe hospitali kujifungua mapacha, kwa dakika thelathini na tano, safari ambayo watu wengine huchukua saa nzima! Alipofika nyumbani alimkuta mama bustanini anachuma maharage, akamsimamia mbele hata kabla hajazima gari vizuri.

"Mama, mbona kwa Vuksan unafunga mkanda? Unamwogopa?"

Mama Stanija akanyoosha mgongo. "Gari linalia, mwanangu. Usipofunga, linapiga kelele kama ndama aliyefungiwa."

"Kumbe ni gari tu."

"Ni gari. Na Vuksan haondoki mpaka ageuke kuniangalia kama nimekaa vizuri."

"Ageuke kukuangalia?"

"Hugeuka," mama akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Kaneno kenyewe kadogo, lakini Radosav alikaa nako siku nne. Ageuke kumwangalia! Yeye aliyeishi naye miaka yote, aliyempasulia kuni, aliyemletea mkate wa moto kila siku, hakupata sifa. Aliyekuja kwa wiki tatu na kugeuza shingo, huyo ndiye. Alimchukia mdogo wake waziwazi siku hizo. Alichukia viatu vyake vilivyopangwa mlangoni, alichukia jinsi anavyosema "asante" kwa kila kikombe, alichukia hata miluzi yake akinyoa ndevu. Na mama alipokuwa akicheka kwa maneno ya Vuksan, Radosav alitoka nje kwenda kuhesabu makreti ambayo alikuwa amekwisha kuyahesabu.

Ikafika Gospojina. Asubuhi jua lilikuwa kali tangu saa mbili. Vuksan alisimama kando ya gari lake la kijivu, mlango wa abiria wazi. Upande wa pili wa uwanja, Radosav alikuwa ameliosha gari la mikate mpaka herufi zilizofutika ubavuni zikasomeka tena, na yeye mwenyewe amevaa shati jeupe lililomkaba. Mama alitoka na gauni jeusi la sikukuu na kitambaa kipya kichwani. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili.

"Leo naenda na Radosav," akasema.

Jamani, furaha! Radosav alihisi damu imempanda hadi masikioni. Alikimbia kumfungulia mama mlango, jambo ambalo hajawahi kulifanya, na mlango ukakwama kwa sababu ya ugeni wa jambo lenyewe. Vuksan hakusema kitu zaidi ya "sawa, mama." Aliingia garini mwake akatangulia.

Mama akapanda, akaweka mkoba magotini. Kisha mkono wake wa kulia ukaenda juu ya bega, nyuma, ukapapasa. Ukapapasa ukutani, ukapapasa pembeni ya kiti, ukashuka, ukapanda tena.

"Unatafuta nini?" Radosav akamuuliza, ingawa alijua.

"Hakuna, mwanangu. Mazoea tu."

"Mazoea! Wiki tatu zimekuwa mazoea, na miaka ishirini na sita imekuwa nini?" Sauti yake ilipasuka. "Kwangu mimi, mama? Kwangu unatafuta mkanda?"

"Nimeshaacha," mama akasema, akarudisha mkono kwenye mkoba. "Twende, tutachelewa ibada."

Walishuka mlima. Chini, kwenye barabara kuu ya bonde, walimkuta Vuksan mbele yao. Barabara ile upande mmoja ni mwamba, upande wa pili ni shimo lenye maji ya kijani, na kila baada ya kona kuna handaki lililochimbwa kwenye jiwe, halina taa hata moja. Vuksan alikuwa akienda mwendo wake ule ule wa mayai. Radosav akamsogelea mpaka akaweza kusoma namba za gari lake kama gazeti.

"Muache, mwanangu," mama akasema. "Hatukimbizwi."

"Simkimbizi mtu. Ananizuia."

"Radosav, nilitaka tuzungumze. Kwa ajili hiyo nimepanda na wewe. Habari ya majira ya baridi."

Alijua, na hakutaka kusikia. Maana kama jibu lingekuwa zuri lingesemwa jikoni. "Baadaye, mama."

"Ni afadhali tukiwa wawili..."

"Baadaye!" akasema, na akakanyaga mafuta.

Pale kabla ya handaki la tatu pana kipande kifupi kilichonyooka. Akatoka upande wa kushoto, maana kule magari hushika kulia, akapiga honi ndefu kama adabu inavyotaka, na gari la mikate likampita lile la kijivu likitetemeka kila msumari. Alimwona Vuksan kwa upande, uso umekunjamana, mkono mmoja umeinuliwa. Radosav akacheka kwa sauti. Tangu Vuksan afike hakuwa amecheka. "Umemwona, mama? Umemwona dereva wa basi?"

Mama alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Ndipo lori likatokea handakini likija kwao, na dereva wake akawasha taa mara mbili. Trafiki! Wamesimama upande wa pili wa handaki. Na sikukuu kama hii wanakamata hata mapadri. Radosav akafanya wanayofanya wote: mkono wa kushoto ukadaka mkanda wake uliokuwa ukining'inia, akauvuta kifuani bila kuuchomeka, akaushika hivyo hivyo kama mtu anayeshika shali isidondoke, na mkono mmoja ukabaki na usukani. Hila hiyo haijawahi kumwangusha. Lakini mama? Mama hana mkanda hata wa kushika.

"Inama, mama!" akasema. "Inama chini, wasikuone!"

"Niiname wapi?"

"Chini! Kichwa chini, ni dakika moja tu!"

Mwanamke wa miaka sabini na tisa, gauni la sikukuu, akainama. Alimtii mwanawe, akakunja mgongo, kitambaa chake kipya kikawa sentimita chache kutoka kwenye dashibodi. Wakaingia handakini.

Sasa kila mtoto wa Piva anajua kwamba jua la Agosti likiwa kali ng'ombe hulikimbia na kwenda kusimama mahandakini kwenye ubaridi. Radosav aliwafundisha wageni wangapi jambo hilo! Lakini alitoka kwenye mwanga mkali akaingia gizani, taa hajawasha, mkono mmoja umeshika mkanda wa uongo, na moyo wote uko kwenye kioo cha nyuma ukimtafuta Vuksan. Alimwona ng'ombe alipoona macho yake. Akatupa mkanda, akashika usukani kwa mikono miwili, akakanyaga breki kwa miguu miwili.

Gari lilisimama. Makreti yalikaa mahali pake, yamefungwa barabara. Ng'ombe hakuguswa hata mkia. Alimtazama Radosav, akaendelea kutafuna. Kwa sekunde moja Radosav alidhani wameokoka. Halafu akasikia mama akivuta pumzi kwa shida, akaona kitambaa kipya kimelowa.

Yaliyofuata aliyaona kama mtu aliye nyuma ya dirisha chafu. Vuksan alikuja amevaa fulana ya manjano inayong'aa, ile ya usalama barabarani, ambayo baa nzima iliifanyia mzaha, akaweka pembetatu nyekundu mlangoni mwa handaki, akaja kushika shingo ya mama kwa mikono miwili na kusema naye kwa upole. Trafiki walikuja kutoka upande wa pili, na mkubwa wao alikuwa Tadija, jirani wa kijiji cha chini. Radosav alisimama kando ya ng'ombe. Hakuna aliyemwambia neno, na hilo lilimuumiza kuliko kama wangemtukana.

Kwenye kituo cha afya mama alishonwa nyuzi nane kwenye paji la uso, na kifundo cha mkono wake wa kushoto kilikuwa kimevunjika. Alipolazwa kitandani Tadija akaingia na daftari lake, akavua kofia. Radosav na Vuksan walisimama mlangoni, kila mmoja upande wake.

"Mama Stanija, pole sana," Tadija akaanza. "Nahitaji kuuliza mawili matatu. Ilikuwaje hukufunga mkanda?"

"Mwanangu aliniambia nifunge," mama akasema, sauti nyembamba lakini haikutetemeka. "Mimi nikakataa. Mzee mkaidi, unajua."

Tadija akakohoa. "Mama, nimekwenda kuliangalia gari. Kile kiti hakina mkanda. Umekatwa."

"Basi nilikataa kabla hajaukata."

"Na daktari anasema ulikuwa umeinama."

"Niliangusha rozari. Mtu haruhusiwi kuokota rozari yake siku ya Gospojina?"

"Mwendo je?"

"Tulikuwa tunakwenda pole. Nilikuwa hata nasinzia."

"Ulikuwa unasinzia huku unaokota rozari?"

"Tadija," mama akasema, "nilikuwapo siku ulipozaliwa, na mama yako ulimsumbua siku mbili. Usinisumbue na mimi."

Tadija akaandika mstari mmoja, akafunga daftari. Alipopita mlangoni akamnong'oneza Radosav kwamba faini ya ule mkanda ataipata tu, asijidanganye, akaenda zake.

Ndugu wawili wakabaki kwenye korido. Vuksan aliegemea ukuta, bado amevaa fulana ya manjano, na uso wake Radosav hakuwahi kuuona hivyo. Si hasira, kitu kingine.

"Unakumbuka nilipoingiza trekta la baba mdogo mtaroni?" Vuksan akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Hakuna aliyeona. Nilimwomba mama aseme ng'ombe aliingia njiani. Alinishika sikio, akanipeleka mwenyewe mpaka kwa baba mdogo, akanisimamisha pale nikakiri mbele ya watu wote."

"Nakumbuka."

"Mimi hajawahi kunidanganyia, kaka. Hata mara moja. Na wewe umempasua kichwa, na bado anakudanganyia polisi akiwa na nyuzi nane." Akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa maji. "Ninakuja kila mwaka na zawadi na magari. Naosha vyombo. Nasema 'asante' kama mgeni. Siwezi kuipata hiyo. Miaka thelathini naionea wivu hiyo, unajua?"

Nitasema ukweli wa Radosav hata kama haupendezi: alifurahi. Mama amelala na kichwa cha bandeji, na yeye alisikia utamu umemshukia moyoni. Kumbe! Kumbe huyu Mwaustria na gari lake, na fulana yake, na mwendo wake wa mayai, alikuwa akimwonea wivu yeye! Alishinda. Mama alikuwa wake. Angemuuguza baridi nzima, angempikia supu, angefunga mkanda mpya, angefunga hata miwili. Alimpiga mdogo wake begani, karibu kwa upendo, akaingia chumbani.

Akavuta kiti, akakaa, akaushika mkono mzima wa mama. "Mama," akasema, "asante. Ulivyomjibu Tadija!"

"Wewe ni mwanangu. Nikiulizwa na Mungu pia nitamdanganya."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe kule kule handakini."

"Yule ng'ombe... Miaka ishirini na sita, mama, sijawahi kupata ajali. Hata mara moja. Unajua mwenyewe."

"Najua," mama akasema. "Kila siku ya hiyo miaka nilikuwa naogopa."

Radosav alidhani amesikia vibaya. "Unaogopa nini?"

"Wewe, mwanangu. Kila kona. Nilikuwa nafumba macho tangu kijijini mpaka mjini, na tukifika magoti yananitetemeka mpaka najifanya natafuta kitu mkobani ili usione."

"Lakini ulipanda! Miaka yote ulipanda na mimi!"

"Nilipanda kwa sababu ulikuwa unafurahi."

Alisema hivyo bila ukali wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini hutia chumvi. Radosav aliutazama ule mkono aliokuwa ameushika. Alikuwa na maneno mengi mpaka dakika iliyopita: mkanda mpya, supu, mwendo wa polepole, naapa, mama. Lakini mbele yake alikuwa akiona miaka ishirini na sita ya kiti kile cha mbele, mama ameketi, macho yamefumbwa, naye pembeni anapiga miluzi.

"Gari lako sipandi tena," mama akaendelea. "Na nisipopanda, nitafikaje kwa daktari theluji ikianguka? Hilo ndilo nililotaka tuzungumze njiani. Si kwamba nampenda yeye zaidi, Radosav. Usije ukakaa baridi nzima unafikiri hivyo. Nimechoka kuogopa tu."

Nje ya dirisha kengele za monasteri zilikuwa zikilia, ibada imekwisha, na magari ya sikukuu yalianza kupita mjini, honi juu ya honi. Mama akautoa mkono wake polepole kutoka kwenye mkono wa mwanawe, akajirekebisha kwenye mto wake.

"Niitie mdogo wako," akasema. "Nilimwahidi jibu baada ya Gospojina."

Radosav akasimama. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni hatua nne, na alizipiga moja moja. Vuksan alikuwa bado ameegemea ukuta, akainua kichwa.

"Vuksan," Radosav akasema. "Mama anakuita."